Mkono Ule Ulikuwa wa Nani

Sijaona binti Bwanaheri hakupandwa na pepo siku ile ya mkutano. Liwekwe mbele hilo, kabla maneno mengine hayajaingia. Hakuanguka, hakutoka povu, hakusema Kiarabu. Alisimama kwa miguu yake, akakaza kanga yake kiunoni, akasema aliyoyasema kwa sauti ile ile anayoitia kuku wake. Watu wote wa Mtondooni walimsikia, na wote wanajua, na ukienda leo kuwauliza watakuapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba alipandwa. Waongo wakubwa!

Mtondooni ni kijiji cha deltani, upande wa Maparoni. Kwenda huko unateremka kutoka Kibiti mpaka Nyamisati, na ukifika Nyamisati unangoja maji yajae ndipo boti ikuchukue. Watu wa huko wanavua na kulima mpunga, na kazi ya mpunga, asidanganyike mtu, ni ya wanawake. Mwanamume atasaidia kufyeka, halafu utamwona kibarazani anasimulia alivyofyeka. Anayepanda, anayepalilia maji yakiwa magotini, anayekaa juu ya dungu kupigia ndege kelele tangu alfajiri mpaka jua lichwee, ni mwanamke. Sijaona alizaliwa juu ya dungu. Mama yake alishikwa na uchungu akilinda ndege, na inasemwa ndege walikula sana mwaka ule. Mbuga ile ile ya mpunga ndiyo mama yake aliyomwachia alipokufa, na hakumwachia kitu kingine.

Aliolewa na Sadala, mvuvi, mtu mrefu, mcheshi, mwenye maneno matamu kwa watu wa nje. Mwaka wa pili wa ndoa Sadala akatangaza kwamba mpunga wote wa mbuga atauuza Kibiti anunue redio. Hakuuliza, alitangaza. Sijaona alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Akahisi moyo unamwenda mbio, magoti yanalegea. Na hapo, kabla hajaanguka, palikuwa na nafasi ndogo. Hili alilijua siku zote na hakumwambia mtu. Palikuwa na nafasi ndogo ambayo ndani yake yeye alikuwa bado ni yeye, na angeweza kushika kizingiti akabaki amesimama. Hakukishika. Alijiachia.

Alipoanguka wanawake wakaja mbio, wakafukiza udi, wakamfunika shuka nyeupe. Kinywani mwake ikatoka sauti nzito, ikasema: "Mimi ni Sultani Badi, ruhani wa baharini. Mpunga wa kiti changu usiguswe!" Kiti ndilo jina la mtu ambaye pepo amemkalia. Sadala akatetemeka, akaomba radhi kwa magoti, na mpunga haukuguswa. Kesho yake Sijaona akauliza kama desturi inavyotaka, "Kwani jana nilisema nini?" Na wao wakamsimulia.

Basi ndiyo ikawa njia. Huko kwetu neno la pepo halishikwi kwa mtu. Mwanamke akimtukana mkwewe ataonywa, lakini ruhani akimtukana mkwewe ataletewa halua. Sultani Badi alileta kanga mpya kila baada ya mavuno. Alimpumzisha Sijaona kutwanga wakati wa mimba ya Maryam. Alimzuia Sadala kuoa mke wa pili Kibiti, tena kwa matusi ambayo yanawachekesha watu mpaka leo. Na msidhani Sadala aliumia! Alifaidika vilevile. Wanaume wenziwe wangemcheka kwa kushindwa na mke, lakini nani atamcheka mtu aliyeshindwa na Sultani wa baharini? Aliinua mabega tu, akasema, "Nitafanyaje, ndugu zangu? Pepo hapingwi." Kila mtu alikuwa na raha yake. Walikaa hivyo mpaka Maryam akakua, akaolewa ng'ambo ya kivuko cha Ndundu, na nywele za Sijaona zikaanza kuingia mvi.

Ikaja miaka ya soko huria. Kibiti ikajaa mitumba na redio za Dubai, kila mwenye meza akawa mfanyabiashara, na neno "mwekezaji" likawa linatajwa kwa adabu ya kumtaja shehe. Siku moja boti ya mashine ikaingia Mtondooni na kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Dulla, miwani ya jua usoni, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alitumwa na kampuni iliyotaka kufuga kamba. Watakata mikoko, watachimba mabwawa makubwa, watajaza maji ya chumvi, na kamba watapelekwa Ulaya. Na mabwawa yatachimbwa wapi? Mbugani kwenye mpunga, mbuga ya Sijaona na za wenziwe.

"Wazazi wangu, dunia imebadilika," alisema Dulla. "Kampuni italeta zahanati, italeta kisima, vijana watapata ajira. Msiwe nyuma."

Mzee Tamimu, mwenyekiti wa kijiji, aliitikia kwa kichwa kila neno mpaka kofia ikataka kuanguka. Sadala naye akaitwa Kibiti pamoja na wanaume wengine wachache, wakalishwa pilau hotelini, akarudi na ahadi ya kuwa msimamizi wa walinzi. Akarudi na viatu vya mpira vya kampuni pia, vyeusi, vinafika magotini. Akawa anavivaa uani, kiangazi, ardhi imepasuka. Alikuwa anakwenda navyo mpaka kisimani na kurudi, apate kusalimiwa.

"Baba Maryam," Sijaona alimwambia, "hiyo mbuga ikitiwa chumvi haitoi tena mpunga. Tutakula viatu?"

"Mambo haya yameshaamuliwa juu," alisema Sadala. "Mie na wewe ni nani?"

Neno hilo lilimchoma. Akaenda kwa wanawake wenziwe, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema serikali ikitaka imetaka. Yule alisema sisi wanawake, tutasema nini mbele ya wanaume? Mwingine akasema riziki ni ya Mungu, kama aliyeandika chumvi ni Mungu basi alhamdulillahi. Hakuna aliyesema "nakubali," na hakuna aliyesema "nakataa." Hata Nasma, shoga yake wa tangu siku za unyago, aliyelima mbuga ya jirani na kugawana naye dungu moja, alisema tu, "Tuone itakavyokuwa, shoga." Itakavyokuwa! Kana kwamba jambo hilo ni mvua, litakuja lenyewe.

Mkutano wa kijiji ulifanywa asubuhi, uwanjani mbele ya shule. Dulla alisema, Tamimu akasema, halafu Tamimu akauliza haraka haraka, "Kuna anayepinga? Hakuna. Basi..."

Sijaona alikuwa ameketi kwenye jamvi katikati ya wanawake. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na akahisi magoti yanalegea. Alikijua kitu hicho vizuri. Angejiachia, na Sultani Badi angesema kila kitu kwa niaba yake, kwa kishindo, na jioni angeletewa halua. Nafasi ile ndogo ilikuwa pale pale. Lakini safari hii hasira yake ilikuwa kubwa mno, hakutaka kumpa mtu mwingine aiseme, awe ruhani awe nani. Akasimama.

"Ngoja, mwenyekiti. Mie napinga."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Mbuga ile nalima mie," alisema Sijaona. "Alilima mama yangu. Chumvi ikiingia mle haitoki. Hamkutuuliza, mmekuja kututangazia. Sitaki. Na asiyetaka kama mie ainue mkono, asijifiche nyuma ya Mungu."

Alikaa, na jasho likawa linamtiririka mgongoni. Halafu mkono ukainuka kando yake, mkono wa Nasma. Ukainuka mwingine, na mwingine, jamvi zima la wanawake, kisha wazee wawili wa nyuma, kisha vijana. Mikono ikawa mingi, hata Tamimu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuvua kofia na kuivaa tena. Dulla akavua miwani yake kwa mara ya kwanza. Kumbe alikuwa na macho madogo ya usingizi, maskini.

Sijaona alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alipika wali, akala peke yake, akalala vizuri. Hakuwahi kulala vizuri vile tangu aolewe.

Kulipokucha, Tamimu na Sadala walikuwa uani wamekaa kwenye kigoda na kinu kilicholazwa. Nyuso zao zilikuwa za upole, na upole huo ulimtia wasiwasi.

"Mama Maryam, umeamkaje? Mwili umetulia?" aliuliza Tamimu.

"Mwili wangu umefanya nini?"

"Pole sana. Jana Sultani alikupanda vibaya mbele za watu."

"Hakunipanda mtu. Nilisema mie."

Tamimu akacheka kidogo, akamtazama Sadala. "Ndivyo wanavyosema wote. Kiti hakijui. Sikiliza, mwanangu. Yule kijana wa kampuni amesema mkutano utarudiwa Jumamosi. Watu wameinua mikono kwa kuogopa pepo, na kwa kampuni mkono wa hofu hauhesabiwi. Wewe huna kosa lolote! Tumwite fundi kutoka Kibiti, akupunge, Sultani ajitaje mbele ya watu kwamba ndiye aliyesema. Yaishe. Wewe hukuwapo, basi. Sema tu hukuwapo."

"Nilikuwapo."

Sadala akaruka. "Unajua unalosema, Sijaona? Akiwa ni Sultani aliyenipinga, mie nakuvumilia kama nilivyokuvumilia miaka yote. Ukiwa ni wewe, basi nimeoa mwanamke anayenivunjia heshima hadharani. Huyo sikai naye. Nitamwacha!"

Ndiyo hivyo, mambo yalikuwa wazi sasa. Akisema ni pepo, atabaki na mume, na nyumba, na kanga za kila mavuno, lakini mbuga itakwenda. Akisema ni yeye, nyumba itakwenda, na mbuga labda itabaki, labda. Akachukua ndoo akaenda kisimani, maana alikuwa hajui afanye nini na mikono yake.

Kisimani alimkuta Nasma anateka maji. Nasma hakumtazama usoni.

"Shoga," Sijaona alisema, "wamekuja kuniambia nilipandwa. Wewe ulikuwa kando yangu, bega kwa bega. Waambie."

Nasma akavuta kamba, ndoo ikapanda, akamimina. "Mie sijui, shoga. Mie nilimwogopa Sultani Badi, nikainua mkono. Mume wangu kaniuliza, ndivyo nilivyomjibu."

"Ndivyo ulivyomjibu yeye. Mie nakuuliza wewe. Mkono ule ulikuwa wa nani?"

"Usinitie matatani, Sijaona! Wewe una pepo wako wa kukukinga. Mie nina nani?"

Akajitwika ndoo yake akaondoka, maji yanamwagikia shingoni. Sijaona alibaki pale ameshika kamba, na hasira aliyokuwa nayo hapo ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Alimkasirikia Tamimu na upole wake. Alimkasirikia Sadala na mabuti yake. Alimkasirikia Nasma hata akatamani kumtupia jiwe. Kisha, kamba bado mkononi, hasira ikamrudia na kumpata yeye mwenyewe, na hapo ndipo ilipouma zaidi. Maana nani aliyewafundisha? Miaka yote hiyo alikuwa anawaonyesha wanawake wa Mtondooni kwamba mtu akitaka kitu lazima ajifanye hayupo. Kila kanga ya Sultani Badi waliiona. Kila halua waliila naye. Leo wote wamekuwa wanafunzi hodari, kijiji kizima hakuna mtu ndani yake, kila mkono ulioinuka ni wa pepo, au wa mume, au wa serikali. Alilia palepale, machozi ya hasira, akajifuta na ncha ya kanga ambayo Sultani alimletea.

Fundi alikuja Ijumaa, kwa boti ya mchana. Jina lake Bi Johari wa Kibiti, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, anayejulikana tangu Umwe mpaka visiwani kwa kuwa hapokei mgonjwa wa kujifanya. Waliweka kilinge uani kwa Sadala baada ya alasiri. Ngoma tatu, chetezo cha udi, sinia lenye halua, tende, mayai na marashi. Kijiji kizima kilikuja. Dulla naye alikuja, akapewa kiti cha mbele, miwani yake imerudi machoni.

Wakamkalisha Sijaona juu ya mkeka, wakamfunika shuka nyeupe. Hakukataa. Watu wakapeana macho ya kuelewana, amekubali, mambo yatakwisha vizuri. Ngoma zikaanza polepole, wanawake wakaitikia wimbo wa maruhani, makofi yakapigwa. Chini ya shuka moshi wa udi ulikuwa mzito. Mwili wa Sijaona uliijua ngoma ile, magoti yakaanza kutikisika bila kuulizwa, kichwa kikaanza kwenda huku na huku. Nje watu wakapiga vigelegele, "Huyo! Huyo anapanda!"

Aliwaona kupitia kitambaa. Walikuwa wanamtazama kwa mapenzi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Laiti wangekuwa wanamchukia! Walikuwa wanamngoja aanguke ili waendelee kumpenda. Sadala alikuwa ameinua viganja mbele ya kifua anaomba dua. Nasma aliimba kuliko wote, amefumba macho. Kila jicho pale lilikuwa limeshamwona Sultani Badi tayari, na yeye Sijaona hakuwa na haja ya kufanya lolote ila kuwaachia wanachokiona. Nafasi ile ndogo ikaja. Ikakaa. Ngoma zikaongeza mwendo.

Bi Johari akainua mkono, ngoma zikashuka. Akauliza kama inavyoulizwa siku zote:

"Hodi, Bwana. U nani? Taja jina lako."

Sijaona akaivuta shuka ikadondoka, akasimama.

"Sijaona binti Bwanaheri."

Watu wakacheka kwa wasiwasi. Bi Johari akakunja uso. "Pepo mjanja huyo. Sitaki jina la kiti, nataka jina lako wewe."

"Ndilo hilo. Sijaona."

"Watoka wapi?"

"Mtondooni hapa hapa. Nimezaliwa juu ya dungu, mnalijua nyote."

Bi Johari akamsogelea, akamshika kidevu, akamtazama machoni kwa muda. Akamgusa kifua, akamgusa viganja. Halafu akauliza swali la tatu, lakini safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kweli.

"Wataka nini, mwanangu?"

Na hili lijulikane, neno hili la tatu halikwepeki. Anachokitaja aliye kwenye mkeka, waliohudhuria lazima wakijibu, wakitoe au wakikatae kwa kinywa, ndipo kilinge kivunjwe. Ndiyo sheria ya mambo hayo, kila mtoto anaijua.

"Sitaki halua," alisema Sijaona. "Sitaki kanga. Zote mlizonipa kwa jina la Sultani nilizitaka mie, na nilikuwa mwoga wa kuziomba. Nilijiachia nikaanguka, nikawadanganya, na ninyi mkapenda kudanganywa. Leo sidanganyi. Siku ya mkutano nilisema mie, kwa kinywa hiki, mbuga sitoi. Sasa nataka neno moja tu. Nyote mlioinua mikono, mniambie mikono ile ilikuwa ya nani. Nasma! U nani wewe? Watoka wapi? Wataka nini?"

Nasma akajifunika uso kwa kanga yake. Sijaona akageuka kwa anayefuata, na anayefuata, akiwauliza maneno hayo hayo, na kila aliyeulizwa alitazama chini au alimtazama jirani yake. Wapiga ngoma walikuwa wameziinamia ngoma zao. Uani palikuwa na watu wengi kuliko siku ya Maulidi, na ungedhani hapana mtu.

Ndipo Sadala akasukuma watu akaja mbele.

"Umeniaibisha vya kutosha! Nimekuacha, Sijaona! Talaka moja! Shahidi wangu ni kijiji kizima!"

"Nani anasema?" Sijaona aliuliza. "Ni wewe, au umetumwa na hayo mabuti?"

"Ni mimi! Mimi Sadala bin Ally! Nimesema mwenyewe, kwa akili zangu!"

Sijaona akamtazama mumewe wa miaka yote ile. Iliuma, asije mtu akasema haikuuma. Lakini alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo kwake.

"Ahsante, Sadala," alisema. "Uani hapa leo tumejitaja watu wawili."

Bi Johari alizima udi wake kwa maji. Tamimu akamwendea mbio, akamnong'oneza, aseme basi kwamba pepo kakataa kutoka, aseme lolote. "Hapa hakuna mgonjwa," alisema Bi Johari kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Mmenitoa Kibiti nimpunge mtu mzima aliyekasirika?" Akala tende moja kwenye sinia, akafunga virago.

Jioni ile Sijaona alihamia nyumba ya marehemu mama yake, paa limetoboka, panya wamejaa. Hakuna aliyemsaidia kubeba hata kinu.

Jumamosi mkutano ukarudiwa. Tamimu alieleza kwamba yaliyopita yalikuwa ya pepo, na kwamba ruhani huyo ni mjanja kupita kiasi, amefikia kujiita kwa jina la kiti chake. Watu wakaguna kukubali. Walishapata pa kupitia tena! Basi sasa, alisema Tamimu, kwa akili timamu, nani anapinga?

Sijaona akainua mkono. Peke yake. Akauacha juu, na alijua utakaa juu peke yake mpaka mkutano uishe, na alikuwa tayari. Mkono ukaanza kufa ganzi.

Kando kidogo, kwenye jamvi, mtu akaanza kulia kwa kwikwi. Alikuwa Nasma. Akasimama huku analia, kamasi zinamtoka, hana hata haya.

"Nasma binti Sadiki," alisema. "Natoka hapa. Mkono ule ulikuwa wangu. Nilisema uongo kisimani. Sitaki mabwawa."

"Lo! Naye kapandwa!" akapiga kelele Tamimu.

Mzee mmoja wa nyuma akacheka, kisha akasimama kwa mkongojo wake. "Na mie je, Tamimu? Mie Mwinyimkuu, nimepandwa na nani, na miguu hii?" Uwanja ukaangua kicheko. Akasimama mwanamke mwingine akasema jina lake, na mwingine, na kila aliyesimama Tamimu aliona aibu zaidi kumtafutia pepo. Waliosimama hawakuwa wengi kama siku ya kwanza. Wengi walibaki wamekaa, wakasema baadaye kwamba walikuwa wanaumwa miguu. Lakini walitosha. Dulla aliondoka na maji ya jioni, na kampuni ile haikurudi Mtondooni. Kwa nini haikurudi, kila mtu ana yake, wengine wanasema ni mambo ya huko juu.

Na sasa ukienda utawasikia: siku ya kwanza Sijaona alipandwa, siku ya pili ndipo tuliposema sisi. Hawana aibu! Nasma peke yake hasemi hivyo. Nasma alikwenda kumsaidia kuezeka, na Sijaona alimpokea makuti bila kumwambia karibu. Waliezeka paa zima hawajasemeshana, ndipo Sijaona akampikia.

Kabla eda haijaisha, Sadala alikuja. Hakuvaa mabuti, yalikuwa yamerudishwa. Alisimama mlangoni amebeba kanga mpya kwapani.

"Mama Maryam," alisema, "nimekuja kukurejea. Siku ile si mimi niliyesema. Ni hasira, zilinipanda, na Shetani naye akaingia kati. Unanijua. Mie singeweza."

Sijaona alikuwa anapepeta mpunga. Akaweka ungo chini, polepole, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Sadala alirudi nyuma hatua.

"Mbele ya kijiji kizima ulinitajia jina lako," alisema. "Tangu unioe, ndilo neno pekee la kweli nililolipata kwako. Nimelala nalo humu ndani, panya wakinipita miguuni, nikasema, aa, lakini nilikuwa na mume, alijitaja. Na hilo nalo umekuja kuninyang'anya?"

"Sijaona, nisikilize..."

"Nimsikilize nani? Hujafika bado. Nenda ukamlete Sadala, ndiye nitakayesema naye."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.